Aliyedahiliwa na D ya kemia afundishwe, asihukumiwe

Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne nchini Tanzania, D ni alama 30 hadi 44 kati ya 100. Ni ufaulu, na masharti ya kujiunga na stashahada za utabibu, uuguzi na famasia yanaitambua hivyo. Kijana anaweza basi kuingia chuo cha afya kihalali kabisa, kwa utaratibu unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, huku zaidi ya nusu ya kemia ya sekondari ikiwa haijamwingia.

Utaratibu huo hatuupingi. Nchi inahitaji matabibu, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara kwa wingi, na zahanati za vijijini haziwezi kusubiri hadi kila mwombaji awe na A. Tunachopinga ni kinachofuata baada ya barua ya udahili. Kijana anafika chuoni na kukuta mhadhara unaoanzia pale ambapo mwenye A angeanzia. Mkufunzi anajaza ubao milinganyo akiamini kila mtu anajua moli ni nini. Baada ya wiki chache linakuja jaribio. Muhula ukiisha kuna sapu, yaani mtihani wa marudio, na baada ya sapu kuna disko, yaani kuondolewa chuoni. Wengi wanaoondoka kwa njia hiyo hurudi nyumbani wakiamini kwamba hawakuumbiwa sayansi.

Msimamo wetu ni mmoja. Chuo kinachompokea mwanafunzi mwenye D kimekubali kumfundisha kuanzia pale D ilipomwacha. Kimeona cheti chake, kimepokea ada yake, kimempa kitanda bwenini. Hakiwezi kugeuka wiki ya pili na kumwambia kwamba mambo hayo alipaswa kuyajua tangu sekondari.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu D hiyo imetoka wapi. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, shule za kata zimefungua milango kwa maelfu ya watoto ambao zamani masomo yao yangeishia darasa la saba. Hilo ni jambo jema, nasi tunaendelea kulipongeza. Lakini shule ziliongezeka haraka kuliko walimu wa sayansi, na haraka kuliko vifaa. Rais Jakaya Kikwete alipoagiza mwaka 2012 kwamba kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, wananchi walichanga na kuta zikasimama. Lakini chumba hakiwi maabara mpaka kiwe na maji, kemikali, vyombo vya kioo na mwalimu mwenye nafasi ya kuvitumia. Wako wahitimu wengi walioshika bureti kwa mara ya kwanza miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho.

Ongeza lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anaanza kemia, somo jipya, kwa Kiingereza, lugha ambayo bado anajifunza. Ongeza hesabu. Kwa miaka mingi hisabati ndilo somo linaloangusha watahiniwa wengi kidato cha nne, na kemia bila uwiano, asilimia na desimali haiendi popote. Anayepata 38 katika mazingira hayo amefanya kazi. Anachokosa ni msingi, na msingi hujengwa.

Wapo pia wanafunzi wa aina nyingine ambao watunga ratiba huwasahau. Kuna muuguzi mwenye cheti aliyekaa kazini miaka mingi na sasa amerudi kusomea stashahada. Kuna mama aliyekuwa akihudumu katika duka la dawa muhimu na ameamua kusomea famasia. Hawa huenda walipata C nzuri enzi zao, lakini kemia isiyotumiwa husahaulika. Nao wanahitaji kuanzia chini, na wanaona aibu kuliko vijana kusema hawajaelewa.

Basi kwa nini kemia ya mwaka wa kwanza iwe ngumu hivyo hata kwa mtu mwenye bidii? Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, alitumia miaka mingi kuchunguza jambo hilo, na mwaka 1991 alilieleza kwa namna ambayo kila mkufunzi angepaswa kuijua. Kemia husemwa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza huonekana na kushikika: chumvi inapotea majini, msumari unashika kutu. Ya pili haionekani hata kidogo: ioni za sodiamu na za kloridi zinaachana, kila moja ikizungukwa na molekuli za maji. Ya tatu ni ya maandishi: NaCl, mishale, alama za kujumlisha na kutoa. Mkufunzi aliyebobea hupita ngazi zote tatu ndani ya sentensi moja, wala hajui kama amezipita. Hapo hapo humpoteza mgeni, kwa sababu akili ya binadamu hushika mambo machache tu kwa mara moja. Mwanafunzi wetu ana mzigo wa nne juu ya hiyo mitatu, nao ni kutafsiri kichwani kila anachosikia.

Akilemewa hivyo anafanya kinachowezekana: anakariri. Anabeba desa, anapiga msuli usiku kucha, anaingia kwenye mtihani na fomula alizozimeza nzimanzima. Swali likibadilishwa kidogo, hana pa kushika. Tusimlaumu. Kukariri ndiyo njia pekee iliyobaki kwa mtu aliyenyimwa maana.

Maana ipo, na iko karibu naye. Tuchukue pakiti ya ORS, ile anayopewa mama wa mtoto anayeharisha. Kwa fomula ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2002, pakiti ya lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Jumla ni gramu 20.5 za unga mweupe. Elementi zilizomo ni sita tu: haidrojeni, kaboni, oksijeni, sodiamu, klorini na potasiamu. Jedwali la elementi lina elementi 118, na mwanafunzi akiliangalia ukutani anakata tamaa. Mwambie kwamba kwa wiki ya kwanza anahitaji sita, naye atazijua kufikia Ijumaa.

Sasa mwulize: katika lita hiyo ya maji, kipi ni kingi zaidi, glukosi au sodiamu? Kwa gramu, glukosi inaizidi sodiamu mbali sana. Lakini ukuta wa utumbo hauna mizani. Unapitisha chembe moja baada ya nyingine, kwa hiyo lazima tuhesabu chembe. Moli ni hesabu hiyo. Ni idadi maalumu ya chembe, 6.022 × 10²³, iliyochaguliwa ili uzito wa chembe moja usioweza kupimwa ugeuke kuwa gramu zinazopimika kwenye mizani ya maabara.

Moli moja ya glukosi ina gramu 180. Gawanya 13.5 kwa 180, unapata 0.075, yaani milimoli 75. Moli moja ya chumvi ya kawaida ina gramu 58.5. Gawanya 2.6 kwa 58.5, unapata kama milimoli 44, na kila moja inatoa ioni moja ya sodiamu. Moli moja ya sitreti ya sodiamu, pamoja na maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, ina gramu 294. Gawanya 2.9 kwa 294, unapata karibu milimoli 10, na kila moja inatoa ioni tatu za sodiamu, yaani 30. Jumlisha 44 na 30. Ni 74, na vitabu vya tiba huandika 75. Glukosi 75, sodiamu 75. Ziko sawa.

Usawa huo umewekwa kwa makusudi. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba sukari na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo kwa pamoja, moja ikiisaidia nyingine, na maji huzifuata. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi waliotoka eneo ambalo leo ni Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, upande wa India, na dripu hazikutosha. Aliwapa wagonjwa maji ya chumvi na glukosi ya kunywa, na vifo vikapungua sana. Baadaye fomula ikaboreshwa. Ile ya zamani ilikuwa na sodiamu 90 na glukosi 111, na jumla ya chembe zake zote ilikuwa milimoli 311 kwa lita. Ya sasa ina sodiamu 75, kloridi 65, glukosi 75, potasiamu 20 na sitreti 10. Jumlisha mwenyewe, ni 245. Kupunguza chembe kulipunguza kutapika, kulipunguza kiasi cha kuharisha na kulipunguza idadi ya watoto wanaolazimika kuwekewa dripu.

Pakiti moja imetupitisha kwenye alama za elementi, fomula, uzito wa moli, ioni, ukolezi, na sababu ya kujifunza yote hayo. Hiyo ni sehemu kubwa ya kemia ya muhula wa kwanza, na haikuhitaji hata kemikali moja ya kuagizwa kutoka nje. Mwanafunzi aliyefanya hesabu ile kwa mkono wake hatamwambia mama achanganye pakiti hiyo na nusu lita ili dawa iwe kali. Anajua nusu lita inafanya nini ndani ya tumbo la mtoto.

Mfano wa pili uko wodini kila siku. Huko hutumika dawa ya klorini ya kuua vijidudu, yenye nguvu ya asilimia 0.5. Dawa ya dukani yenye asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, na wanafunzi hukariri "moja kwa sita" kama kiapo. Siku ikiletwa chupa ya asilimia 5, aliyekariri atachanganya vilevile, na mchanganyiko wake hautakuwa sahihi. Aliyefundishwa atagawanya 5 kwa 0.5, apate 10, aondoe sehemu moja ya dawa yenyewe, abaki na tisa za maji. Na aliyefundishwa kemia hatamwaga dawa hiyo pamoja na asidi ya kusafishia choo, kwa sababu anajua gesi ya klorini itakayotoka huchoma mapafu. Makosa ya namna hii huumiza watu, na huanzia darasani.

Vyuo vya kilimo navyo vina mifano yao. Mfuko wa urea wa kilo 50 umeandikwa 46, kwa sababu kati ya gramu 60 za moli moja ya urea, 28 ni naitrojeni. Ni hesabu ya mstari mmoja, na inamwonyesha bwana shamba kwamba mkulima aliyenunua mfuko huo amenunua kilo 23 za naitrojeni. Kila fani ina pakiti yake. Mkufunzi aitafute aanzie hapo.

Tunapendekeza mambo matano, na yote yako ndani ya uwezo wa vyuo vyetu vya leo.

La kwanza, chuo kijue kinamfundisha nani. Wiki ya kwanza itolewe karatasi fupi isiyo na alama, isiyobandikwa ukutani, inayouliza mambo ya msingi: kubadili miligramu kuwa gramu, kutafuta asilimia, kuandika fomula ya maji na ya chumvi, kusema ioni ni nini. Mkufunzi asahihishe kwa ajili yake mwenyewe. Akikuta nusu ya darasa haiwezi kubadili miligramu kuwa gramu, mhadhara wake wa wiki ya pili umeshajiandika.

La pili, wiki sita za mwanzo ziwe za msingi. Wiki mbili za hesabu za kemia: uwiano, asilimia, desimali, vipeo vya kumi na vipimo. Wiki moja ya atomu, ioni na elementi chache zinazohusu fani. Wiki moja ya fomula na kusawazisha milinganyo. Wiki moja ya moli. Wiki moja ya ukolezi, pamoja na asidi na besi. Kemia ya kaboni, ambayo dawa nyingi zimejengwa juu yake, isubiri. Ikifundishwa mapema inageuka orodha ya majina, ikifundishwa baada ya hapo inashika.

La tatu, mkufunzi aeleze kwa Kiswahili kwanza. Mtihani ni wa Kiingereza na utaendelea kuwa hivyo kwa sasa, kwa hiyo mwanafunzi lazima ajue kuandika kwa Kiingereza. Lakini kuelewa na kuandika ni hatua mbili, nasi tunazilazimisha ziwe moja. Aeleze jambo kwa lugha ambayo darasa linaiota usiku, ahakikishe limeeleweka, ndipo alete istilahi na sentensi ya Kiingereza itakayotakiwa kwenye karatasi. Kiswahili hakishindwi kubeba kemia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kitabu hicho kinastahili nafasi katika kila maktaba ya chuo, na wakufunzi wakitumie.

La nne, majaribio yafanyike hata kama maabara ni duni. Choya, ile rozela inayouzwa sokoni kwa ajili ya juisi, ni kipimo kizuri cha asidi na besi. Chemsha maua yake, chuja, gawanya maji hayo kwenye vikombe vya kioo. Kamulia limao, wekundu unakolea. Tia magadi, rangi inageuka kuelekea kijani. Jaribio hilo linafanyika mezani, kwa gharama ndogo, na mwanafunzi anaona kwa macho ngazi ya kwanza ya Johnstone kabla hajaandikiwa ya tatu. Kwa majaribio yanayohitaji kemikali halisi, yapo mafunzo ya jirani zetu. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kilitengeneza vifaa vidogo vya plastiki vinavyotumia matone badala ya chupa nzima, na UNESCO ikasaidia kuvieneza katika nchi nyingi. Kemikali kidogo, hatari kidogo, taka kidogo, na kila mwanafunzi anafanya mwenyewe badala ya kuchungulia bega la mwenzake.

La tano, ufundishaji ufuate namna mgeni anavyojifunza. Utafiti wa John Sweller na wenzake huko Australia, kuanzia miaka ya 1980, ulionyesha kwamba anayeanza hufaidika zaidi akisoma maswali yaliyokwisha kutatuliwa hatua kwa hatua kuliko akiachiwa ahangaike na maswali peke yake. Kwa hiyo mkufunzi atatue matatu akieleza kila mstari, la nne alitatue nusu na darasa limalizie, la tano walifanye wenyewe. Kazi ya nyumbani ya maswali 30 anayopewa mtu ambaye hajaona hata moja likitatuliwa haimfundishi. Inamfundisha kunakili ya mwenzake.

Kuna pingamizi tunazozijua. Wakufunzi watasema chuo si sekondari na muhtasari ni mrefu. Tunawaelewa. Wengi wao wana vipindi vingi na madarasa yaliyojaa. Lakini muhtasari unaomalizwa huku darasa limebaki nyuma haujafundishwa, umesomwa tu. Muda wa wiki sita za mwanzo hurudi baadaye, kwa sababu mwenye msingi hahitaji kurudiwa kila mada mara tatu, wala chuo hakitumii likizo kusahihisha sapu.

Wengine watasema hii ni kushusha kiwango, na mgonjwa hastahili tabibu aliyebebwa. Hoja hiyo ni nzito, nasi tunaiheshimu kwa sababu inamjali mgonjwa. Jibu letu ni kwamba kiwango kinalindwa kwenye mlango wa kutokea. Mtihani wa mwisho ubaki mgumu vilevile, na asiyefikia asipewe leseni. Tunachodai ni kwamba kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea kuwe na mafundisho. Anayemhatarisha mgonjwa ni yule aliyepenya kwa kukariri, ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini sita na si tisa.

Wala wazo la kumjengea mtu msingi kabla ya kozi si geni nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa na programu ya msingi kwa wanaotaka shahada lakini hawajafikia vigezo. Kama ngazi ya shahada imeona haja ya daraja hilo, ngazi ya stashahada, inayopokea wengi wenye D, ina haja kubwa zaidi.

Kwa mwanafunzi mwenyewe tuna maneno machache, nasi tunayasema kwa upendo. Usione aibu kununua kitabu cha kidato cha pili. Kisome kwa haraka, kwa sababu sasa una umri na sababu ambazo hukuwa nazo ukiwa na miaka 15. Usisome desa mara tano. Lisome mara moja, lifunge, kisha andika kwenye karatasi tupu unachokumbuka. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima hivyo walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliorudia kusoma, ingawa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioonekana kujua zaidi. Ile hali ya kuona unajua kwa sababu ukurasa umeuzoea hudanganya.

Ukikutana na fomula, jiulize mambo matatu kwa mpangilio: kitu hiki nikikiona kikoje, ndani yake kuna chembe gani, na kinaandikwaje. Usihamie swali la pili kabla ya kujibu la kwanza. Kila hesabu iandike na vipimo vyake, gramu, lita, moli, kwa sababu vipimo vikikataa kulingana umekosea, na utajua kabla ya mkufunzi. Katika diskasheni, usikae na wanaojua wote wala wasiojua wote. Mweleze mwenzako moli kwa Kiswahili bila kuangalia daftari. Ukikwama, hapo ndipo pa kuanzia kesho. Na usisubiri wiki ya kumi kumfuata mkufunzi. Mfuate wiki ya pili, na swali lako liwe limeandikwa.

Kwa serikali na mabaraza yanayosimamia vyuo, ombi letu ni la kiutawala na halihitaji sheria mpya. Wiki za msingi ziandikwe ndani ya mitaala ya ngazi ya kuingilia ya vyuo vya afya na vya kilimo, ili mkufunzi anayezifundisha asionekane anapoteza muda. Wakaguzi wanapotembelea chuo waulize maabara inatumika mara ngapi kwa wiki, wasitosheke kuona jengo lipo. Na shule za kata zisisahaulike, kwa maana wiki sita za chuo ni tiba ya miaka minne iliyopungukiwa. Kila mwalimu wa kemia anayeajiriwa na kupelekwa kijijini anapunguza kazi ya chuo miaka minne mbele.

Wakuu wa vyuo hawana haja ya kusubiri mtaala. Kabla ya udahili ujao, kila mkuu aitishe takwimu za sapu na disko za kemia za mwaka wa kwanza chuoni kwake, akae na wakufunzi wa somo hilo, na wakubaliane ni wiki zipi za mwanzo zitakuwa za msingi na nani atazifundisha. Kazi hiyo apewe mkufunzi bora aliyepo, si mgeni aliyeajiriwa jana. Mwisho wa mwaka alinganishe takwimu za miaka miwili na kuzionyesha kwa wazazi waliolipa ada. Zikionyesha kwamba tumekosea, tutalisema hapa hapa. Zikionyesha kwamba waliokuwa wakiondoka sasa wanabaki na kufaulu mtihani ule ule, hakuna chuo kingine kitakachokuwa na sababu ya kuendelea na utaratibu wa zamani.